Mtu Mdogo wa Chumba cha Mwisho

Benchi letu lilikuwa gogo la reli, kimojawapo cha vile vipande vizito vya mbao vinavyolala chini ya vyuma vya gari-moshi la Ubundu. Namna kilivyofika nyuma ya maghala ya bandari, hapo mtaani Makiso, hakuna aliyepata kueleza, nasi hatukuuliza sana. Kililazwa juu ya matofali kando ya ukuta ambao jua la alasiri huuacha mapema, na mbele yake Mama Berthe, mtu wa mtoni kutoka Yanonge, aliweka jiko lake la makaa na birika la kahawa yenye tangawizi. Hapo tuliketi wanaume wanne. Trottoir, mpakiaji mizigo, aliitwa hivyo, yaani ukingo wa barabara, kwa kuwa habari zote za njiani zilimfikia yeye kwanza. Diplôme alikuwa ameanza chuo kikuu mara tatu na kukiacha mara tatu. Papa Wenceslas alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na mmoja, sasa amestaafu na baiskeli yake. Wa nne ni mimi, ninayefundisha watoto Kurani katika mtaa wa watu wa Maniema, na ambaye wote waliniita Mwalimu. Ulikuwa mwaka wa pili tangu majina ya ubatizo yapigwe marufuku. Mbele ya watu wa Chama tuliitana raia fulani bin fulani. Kwenye gogo letu kila mtu alibaki na jina alilozoea kuitikia.

Kilichotukutanisha ni gazeti la picha. Lilitoka Kinshasa kila mwezi na kutufikia mto ulipopenda, kwani lilipanda na meli, na meli hukwama kwenye michanga hata wiki tatu. Ndani yake mlikuwa na Kapiteni Ebale, nahodha mnene mwenye filimbi, ambaye kila safari yake huharibika na kila mara hufika. Tulikuwa na desturi ya kulisoma, nayo haikuvunjwa. Trottoir hulipokea kwa baharia rafiki yake. Diplôme husoma kwa sauti, sauti moja kwa kila mtu, na humpa Kapiteni Ebale sauti ya puani. Papa Wenceslas peke yake ndiye hufunua ukurasa. Vile visanduku vya picha tuliviita vyumba, na chumba cha mwisho cha ukurasa wa mwisho hakitazamwi mpaka kahawa ya pili imemiminwa.

Desturi hiyo ilikuwa na sababu. Mchoraji wa Kapiteni Ebale alikuwa Alphonse, mwana pekee wa Papa Wenceslas, aliyeondoka na kalamu zake kwenda Kinshasa mwaka wa sitini na nane. Barua alikuwa haandiki kabisa. Lakini katika chumba cha mwisho, pembeni, kila mwezi, alisimama mtu mdogo asiyezidi ukucha wa kidole cha mwisho, mwenye kofia na tai kama za baba yake, ameegemea baiskeli. Huyo ndiye aliyekuwa barua. Baba humtazama, hutikisa kichwa, hulikunja gazeti na kusema, «Bon, iko muzima.» Kisha tunakunywa.

Ukaja mwaka wa majina. Chini ya ukurasa, mahali palipoandikwa Alphonse, pakaandikwa Mavungu. Na mtu mdogo akatoweka.

Siku ninayoisimulia meli ilikuwa imefika juzi, na gazeti jipya lilikuwa magotini mwa Diplôme, halijafunuliwa. Papa Wenceslas alikuja mapema kuliko kawaida, akaegemeza baiskeli ukutani, wala hakulitazama gazeti. Alitoa bahasha mfukoni, akaiweka juu ya gogo kati yake na Trottoir.

– Masuwa inaondoka saa ngapi? akamuuliza Trottoir habari za meli.

– Saa kumi, papa. Kama mashini inakubali.

– Utapatia ule mubaharia yako hii. Apeleke kwenye nyumba ya gazeti, amupatie Alphonse mu mukono.

Trottoir aliichukua, akaipima uzito kwenye kiganja kama mtu apimaye samaki.

– Miaka tano hamukuandika, papa. Leo munaandika. Iko nini ndani?

– Misitari mbili. Niliandika kama mutoto mwenye kutupa jina ya babu yake na kuvaa jina ya bageni, siku nitakufa asikuje ku maziko.

Mama Berthe aliacha kupepea makaa.

– Papa Wenceslas! Munazaa mutoto moja tu, njo munamufukuza na misitari mbili?

– Mama Berthe, babu yake aliitwa Lofemba. Kila mutu alisikia leta, serikali yetu, inasema: tafuteni majina ya babu zenu, ya bankambo. Minangojea. Minasema, sasa mutoto ataandika Lofemba chini ya ukurasa, mpaka Bukavu batasoma Lofemba. Anaandika nini? Mavungu! Mavungu iko jina ya batu ya kule chini, karibu na bahari. Sisi na bale tulikulaka wapi pamoja?

Hakuna aliyecheka. Ninajua sasa kwamba kila mmoja wetu aliitazama ile bahasha kwa hofu yake. Meli ikiondoka nayo isingerudishwa, na Papa Wenceslas, mtu wa kumbukumbu za mahakama, hakuwa mtu wa kufuta alichokiandika. Ndiyo maana Diplôme na Trottoir walianza kusema kwa pamoja, nami sikuwazuia.

– Mungojee kwanza, papa, akasema Diplôme. Ile siku ya majina, kule Kinshasa, batu balisimama ku ofisi toka asubui. Foleni mpaka ku Marché, ku soko. Alphonse anafika mbele, karani amechoka, anamuuliza: weye nani? Mbele ajibu, karani anaandika jina ya mwenye alimutangulia. Mavungu. Imekwisha, imepigwa tampon, muhuri ya ofisi.

– Nilikuwa karani miaka makumi tatu na moja. Karani mwenye kuchoka haandikake kitu. Anafunga dirisha.

– Alors ni bibi, akasema Trottoir. Ameoa mwanamuke ya kule chini. Kule kwabo, batoto banafuata jamaa ya mama.

– Batoto, Trottoir. Batoto. Si bwana.

– Papa, muko na hakika Alphonse alijua hiyo sheria vizuri? Aliingia mu famille, banamupatia chakula, banamupatia jina. Yeye mutoto ya adabu, hawezi kukatala mbele ya bakwe.

– Mutoto ya adabu! Kwa baba yake adabu iko wapi?

Diplôme alivuta gazeti karibu, akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti.

– Mi nitasema jambo, lakini tusemeni polepole. Munakumbuka hadisi ya mwisho yenye iliandikwa Alphonse? Masuwa ya Kapiteni Ebale inapanda ku muchanga, mwenye usukani analala, na juu ya kichwa yake iko kofia moja ya... ya namna ile.

– Namna gani? akauliza Mama Berthe.

– Mama, namna ile, akasema, maana nchi nzima kofia ya ngozi ya chui ilikuwa ya kichwa kimoja tu, cha mkubwa wa nchi.

Mtu mmoja mwenye beji ya Chama kifuani alipita wakati huo huo akielekea ghalani. Tukawa watu wa kusifu tangawizi. Trottoir alisema ya mwaka huu ni kali sana. Diplôme alisema ni kwa sababu ya mvua. Mama Berthe alisema mwenye kuona ni kali asinywe. Yule mtu alipopotea kwenye kona, Diplôme aliendelea palepale alipoachia.

– Donc mukubwa moja anajiona mu ile picha. Anauliza: Alphonse ni nani? Banamwambia: Alphonse hayuko tena, hapa iko Mavungu tu. Unaona akili? Alibadilisha jina juu ya kuficha roho. Hakumutupa babu. Alimuficha babu!

Nilimwona Papa Wenceslas akitazama bahasha. Kwa kitambo alitaka kuamini, na kuamini kulimlegeza mabega. Kisha akatikisa kichwa.

– Na mutu mudogo? Kama aliweza kuficha jina, hakuweza kuficha mutu mudogo kama ukucha? Mwenye kofia, mwenye baiskeli? Nani kule Kinshasa anamujua?

– Kravate, papa! Trottoir alipiga goti lake. Ni ile kravate ya ku shingo. Leo kama unavaa kravate, banakukamata. Na ukichora mutu mwenye kravate? Mbaya zaidi, juu picha inafika inchi yote. Alphonse hawezi.

– Amuvalishe abakosti, ile koti ya Chama, basi, kama kila mutu.

– Weye mu abakosti? Papa, hata siye hatukukujua ku njia siku ya kwanza ulivaa. Mutoto naye anasema: nikimuchora baba bila kravate, hatajijua. Njo maana anamugeuza mugongo. Mwalimu alituonyesha. Mwalimu, si kweli?

Wakanigeukia.

Yanipasa kueleza kosa langu hapa, kwa kuwa ndipo lilipoanzia. Gazeti la kwanza la Mavungu lilipofika, kahawa ya pili ilimiminwa, baba akafunua, akatafuta, asione kitu. Mkono wake ulitembea ukurasani mara tatu. Mimi, ambaye nimewafundisha watoto miaka arobaini wasiseme wasichokijua, niliweka kidole juu ya abiria mmoja aliyesimama kwenye sitaha, ameonekana kwa mgongo tu, nikasema, «Huyu hapa. Amekugeuza uangalie mto.» Baba alimtazama muda mrefu, kisha akasema, «Bon.» Tukanywa. Tangu siku hiyo, kila meli ilipokuja, tulimtafutia Papa Wenceslas mtu wa kumpa. Katika masimulizi ya dini zetu zote mbili wako wale ndugu waliomletea baba yao kanzu ya mwanawe ikiwa na damu isiyo yake. Sisi tulimletea baba huyu kanzu safi kila mwezi, nayo pia haikuwa yake.

– Nilionyesha, nikasema. Hakika sikuwa nayo.

– Eh, Mwalimu anajishusha tu, akasema Trottoir. Fungua hii ya leo, papa. Tutamuona. Kama tunamuona, barua inarudi mu mufuko. Sawa?

Papa Wenceslas alilichukua gazeti magotini mwa Diplôme. Mama Berthe, bila kuulizwa, akamimina kahawa ya pili kabla ya ile ya kwanza kwisha, jambo ambalo hajalifanya kabla wala baada ya siku hiyo. Basi baba akafunua ukurasa wa mwisho. Kapiteni Ebale alikuwa amefika sokoni, pamejaa watu: wauza samaki, wenye mitumbwi, askari, mbuzi.

– Hapa! Huyu nyuma ya pipa.

– Ule iko na ndevu, Diplôme. Mi nilifugaka ndevu lini?

– Pengine ni kivuli.

– Na huyu? Anashika usukani ya kitu. Ni baiskeli, papa, nusu ya baiskeli.

– Ni mbuzi. Ni pembe ya mbuzi.

– Bon, basi huyu, na kitunga ya samaki ku kichwa.

– Trottoir, ule ni mwanamuke.

– Njo kujificha kwenyewe, papa! Nani atakutafuta mu kikwembe ya mwanamuke?

Hapo tulicheka, hata yeye. Na kile kicheko kilipokwisha tuliona kwamba hatukuwa na mtu mwingine wa kumpa. Trottoir alikuwa ameshapata maelezo mapya: Alphonse amekuwa mkubwa wa wachoraji, hagusi tena kalamu, ana chumba chenye wachoraji wanne, mmoja wa pua, mmoja wa miti, mmoja wa maji, na mmoja wa watu wa sokoni, na huyo wa sokoni ni mtu wa mkoa wa Équateur asiyejua baba ni nani. Diplôme akasema hapana, kazi hiyo sasa inafanywa na mashine huko Brussels. Alphonse hutuma wazo lake kwa simu, mashine huchora, na mashine haiwezi kutambua baba. Trottoir akasema kama ni mashine basi Mavungu ni jina la mashine. Sauti zao zilipanda, na mshale wa saa ya baba ulikuwa umepita tisa na nusu.

Kando ya jiko la Mama Berthe alikuwa ameketi mama mmoja juu ya furushi la mikeka. Alikuwa ametoka upande wa Banalia kuuza mikeka kwa abiria wa meli, na alikuwa akingoja lori la kumrudisha. Mama Berthe alimwita Mama Julie, wakijuana kanisani. Tangu mwanzo alikuwa akinywa na kusikiliza.

– Bapapa, akasema, samahani. Munipatie na mimi nione hiyo kitu yenye inawagombanisha.

– Mama, unajua kusoma? akauliza Diplôme, si kwa dharau.

– Sijui. Mi naangalia tu.

Papa Wenceslas, ambaye ana adabu ya zamani, alimpa gazeti. Mama Julie alilitazama kwa muda mrefu, ukurasa baada ya ukurasa, kwa namna ambayo sijaona mtu akitazama tena. Alianzia chini, akapanda juu. Kisha akauliza:

– Na ile ya zamani, yenye iko na mutu mudogo? Hamuna nayo?

Sote tulijua liko wapi. Baba alifungua mkoba wa baiskeli, akatoa mfuko wa nailoni, na ndani yake gazeti la mwisho la Alphonse, ambalo kingo zake zilikuwa laini kama kitambaa. Mama Julie alifungua mkeka mmoja, akautandaza mbele ya benchi, akalaza magazeti mawili sambamba. Akapiga magoti.

– Kwetu, akasema, kama unaniletea mikeka kumi, nitakuambia hii ni ya Mama Odile, hii ni ya binti yake, hii ni ya ule mutu wa kijiji ya pili. Sisomi kitu. Naangalia mwisho ya musuko, pale mutu anachoka. Pale hakuna kudanganya.

Aliweka kidole juu ya gazeti la zamani.

– Muangalie huyu mwenye alichora. Anaogopa mikono. Kapiteni, mikono mu mufuko. Askari, mikono nyuma. Hii mama, mikono chini ya kikwembe. Mutu mudogo, mikono ku usukani, haionekane. Ukurasa yote, vidole ngapi? Hakuna.

Hatukuwahi kuliona. Papa Wenceslas aliinama mbele.

– Alikuwa hawezi, akasema polepole. Tangu mutoto. Alichora mukono, inatoka sawa ndizi. Alilia sana. Nilimwambia: fichaka.

– Na huyu, Mama Julie akahamisha kidole kwenye gazeti jipya, huyu anapenda mikono. Angalia soko yote. Kila mutu anaonyesha kitu, anashika samaki, anahesabu na vidole. Hata mutoto kule nyuma, mudogo kabisa, iko na vidole tano.

– Pengine alijifunza, akasema Trottoir, na sauti yake haikuwa tena ya kubishana.

– Mwenye kujifunza anaanza mubaya. Musimu ya kwanza ndizi, ya pili ndizi kidogo. Huyu iko muzuri toka mwanzo. Mulijuaje kama ni mutu moja?

Diplôme alifungua kinywa.

– Juu ya sheria, mama. Kila mutu alibadilisha jina. Mi nilibadilisha, Trottoir alibadilisha, gouverneur alibadilisha. Jina inabadilika, tunasema: eh, naye pia.

Akanyamaza, kwa maana alisikia maneno yake mwenyewe. Katika mwaka ambao nchi nzima ilibadili majina, sisi watu wanne, na mmoja wetu karani, tuliona jina geni mahali pa mwana wa mtu, tukasema ni sheria. Tulilisoma jina, tukalijadili, tukalikasirikia. Hatukuitazama picha.

Mama Julie hakuwa na haraka. Alitutazama mmoja mmoja, kisha akauliza alichotaka kuuliza tangu mwanzo:

– Batu iko mbili. Sasa ule wa kwanza, iko wapi?

Makaa yalilia kidogo. Trottoir, aliyekuwa na habari ya kila kitu, alitazama miguu yake. Mimi nilitafuta kidole changu, kile nilichokiweka siku ile juu ya mgongo wa abiria, nikakificha ndani ya mkono wa kanzu. Miezi kumi na sita ilikuwa imepita tangu jina lile ligeuke. Tulikuwa na miezi kumi na sita ya kuuliza.

Nikaelewa pia jambo lililonitia uchungu zaidi. Ile hasira ya Papa Wenceslas, ile bahasha, yale maziko aliyomkataza mwanawe asije, vyote vilikuwa vya baba ambaye mwanawe yu hai. Ndivyo tulivyomnyang'anya mchana ule.

Ndipo meli ilipopiga honi ya kwanza.

– Trottoir, akasema Papa Wenceslas. Letaka hiyo.

Trottoir alimrudishia bahasha. Nilidhani ataichana. Aliifungua kwa ncha ya kalamu ya Diplôme, kwa uangalifu, kama alivyofungua mafaili ya watu kwa miaka yote ile. Akatoa karatasi, akaigeuza upande usioandikwa, akaiweka juu ya goti. Hakuandika Kifaransa, lugha ya mahakama yake. Aliandika Kiswahili cha kwetu, kwa herufi zile nzuri zenye mikia, neno kwa neno kama Mama Julie alivyouliza: *Ule wa kwanza, iko wapi?* Chini yake: *Wenceslas, baba ya Alphonse, mwenye baiskeli.* Juu ya bahasha alikata jina la mwanawe kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika Mavungu.

– Upande ingine? akauliza Diplôme. Ile misitari mbili?

– Iko palepale. Karatasi ni moja.

Kisha akafikiri, akaichukua tena, na ile mistari miwili akaipitishia wino mpaka karatasi ikalowa. Ndiyo mara pekee niliyomwona akifuta.

Trottoir alikimbia. Hatukuwahi kumwona akikimbia, mtu mzito kama yeye. Honi ya pili ilipolia bado tulikuwa tukitazama kona ya ghala, na Mama Julie alikuwa akikunja mkeka wake, kwani lori la Banalia lilikuwa limefika. Alipopita mbele ya Papa Wenceslas alipiga goti kidogo. Mama Berthe aliinua birika, halikutoa kitu. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Meli moja ilikuja bila gazeti. Ya pili ilikuja na gazeti, na baba hakufunua ukurasa wa mwisho, kwa hiyo hatukuuona. Ya tatu ilifika mwanzoni mwa mvua. Trottoir alikuja na gazeti likiwa ndani ya shati lake, akaketi.

– Barua? akauliza baba.

– Hakuna, papa. Mubaharia anasema alifika ku nyumba ya gazeti, alimupatia Mavungu mu mukono. Kijana tu, mwembamba. Alisoma, alisimama, aliingia ndani. Hakutoka tena.

Diplôme hakusoma kwa sauti siku hiyo. Mama Berthe alimimina ya kwanza, akangoja, akamimina ya pili. Papa Wenceslas akafunua.

Pembeni mwa chumba cha mwisho, mbali na Kapiteni Ebale na kelele zake, alikuwa amesimama mtu mdogo asiyezidi ukucha. Hakuwa na tai. Baiskeli ilikuwa imelala chini kando yake. Kofia alikuwa ameivua, ameishika kifuani kwa mikono yote miwili kama mtu wa mazikoni, na vidole vyote kumi vilionekana.

Hakuna aliyeweka kidole. Hapakuwa na haja.

Mvua ilianza kupiga mabati ya ghala. Papa Wenceslas alilileta gazeti karibu na macho, akalipeleka mbali, akalileta tena. Alivua kofia yake, akaiweka gotini.

– Huyu kijana anajua mikono, akasema.

Kisha, akilikunja gazeti:

– Alphonse ilimubakia kujua mikono tu.